Barua ya wazi: Mafuriko yakipita, hesabuni na maduka

Kwa Ofisi ya Waziri Mkuu, Wizara ya Fedha, Benki Kuu ya Uganda, na viongozi wa Wilaya na Manispaa ya Kasese

Waheshimiwa,

Maji ya mto Nyamwamba yakishaingia mjini Kasese na kupungua, huja watu na karatasi za kuhesabu. Huandika waliofariki, Mungu awarehemu. Huandika nyumba zilizoanguka, kaya zilizolala madarasani, watoto waliopotezana na wazazi. Baadaye huja malori ya posho, maharage, mablanketi na maturubai. Kwa hayo tunashukuru, na hakuna hata mmoja kati yetu anayetaka yapunguzwe. Ila karatasi zile hazina mahali pa kuandika duka. Hazina mahali pa kinu cha kusaga, karakana ya fundi wa kuchomelea, saluni, friji ya muuza samaki, wala kibanda cha wakala wa pesa za simu. Aliyepoteza nyumba anaandikwa. Aliyepoteza kazi iliyokuwa ikilipa kodi ya nyumba hiyo haandikwi, na miezi michache baadaye naye yuko kwenye foleni ya posho.

Tunawaomba jambo moja. Kabla mvua za Machi hazijaanza, wilaya yetu na kila wilaya yenye historia ya maafa iwe na mpango ulioandikwa wa kurudisha biashara kazini. Mpango wenye fedha, wenye wahusika wanaojulikana, na wenye hatua zinazoanza siku ileile maafa yanapotangazwa, bila kusubiri kikao Kampala.

Mimi nauza bidhaa kwa jumla hapa Kasese: unga, sukari, chumvi, sabuni, mafuta ya kupikia. Sehemu kubwa ya mzigo wangu huishia Mpondwe, mpakani na Kongo, na kuvuka kwenda Kasindi, Beni na Butembo. Pia ni katibu wa kikundi chetu cha akiba na mikopo, kwa hiyo madaftari ya wenzangu hupita mikononi mwangu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya biashara ya Mpondwe, mteja awe Mkonzo wa upande huu au Mnande wa upande wa Kongo, na kwa kuwa Katiba yetu iliifanya lugha rasmi ya pili tangu 2005.

Watu wengi hudhani duka hufa siku ya maji. Siku ya maji duka hupoteza mzigo tu, na mfanyabiashara aliyekomaa sokoni anaweza kupoteza mzigo na kusimama tena. Kinachoua ni yale yanayofuata, na hayo ndiyo ninayotaka myaone.

Tazameni duka la kawaida la jumla. Sukari imeyeyuka ndani ya magunia, chumvi pia. Unga umelowa, na maji yaliyoulowesha yametoka juu huko yakipita kwenye mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe, kwa hiyo hata mifugo haifai kupewa. Sabuni za mche zinaweza kuoshwa na kuuzwa kwa hasara. Mafuta yaliyo kwenye madumu yaliyofungwa yamepona, kama hayakuelea yakaenda. Mwenye duka anakoga matope. Wiki hiyohiyo anapigiwa simu kutoka Kikuubo, Kampala: mzigo aliopewa kwa mali kauli unatakiwa kulipwa. Anayemdai hana ubaya, naye ana madeni yake kwa waagizaji. Mwenye duka naye anawadai wachuuzi wadogo waliochukua gunia mojamoja kwa ahadi ya kulipa wakishauza. Wachuuzi hao sasa wanalala shuleni, na daftari lenye majina yao limegeuka uji. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, na hapa mali na daftari vimebebwa na mto mmoja.

Kisha tarehe ya mkopo inafika. Sheria ya mwaka 2019 ya dhamana za mali zinazohamishika iliwafungulia mlango watu wasio na hati ya ardhi: mtu anaweza kuweka rehani mashine, mzigo au pikipiki. Ni sheria nzuri, imewasaidia wengi wetu. Lakini maji yakisomba nusu ya dhamana, nusu iliyobaki huwa ndicho chombo cha kazi, na ndicho kinachobebwa kwanza. Ninamfahamu mama mshonaji ambaye maji yalichukua vitenge vyake vyote na kuacha cherehani, kwa kuwa alikuwa amezipandisha juu ya meza. Mkopeshaji akaja kuzichukua cherehani. Hakuvunja sheria yoyote. Mama yule alikuwa na oda za sare za shule zilizokuwa zimebaki kushonwa, na fedha ya sare hizo ingelipa deni lote. Kama angepewa mpaka muhula ufunguliwe, mkopeshaji angepata fedha yake na mama angekuwa na kazi. Wote wawili walipoteza kwa sababu hakukuwa na mtu wala kanuni ya kusema: ngojeni kidogo.

Kodi nayo haingoji. Mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 10 na milioni 150 kwa mwaka hutozwa kwa kuangalia mauzo, si faida. Mwaka wa kawaida utaratibu huo ni rahisi na unatupunguzia makaratasi. Mwaka wa mafuriko unamtoza mtu kwa yale aliyouza kabla ya maji, kana kwamba mzigo uliosombwa haukuwa umenunuliwa kwa fedha hizohizo.

Na wakati haya yote yakiendelea, mteja anatafuta njia nyingine. Hili ndilo linalonitia hofu kuliko mengine. Mwaka 1995 tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Kobe, Japani. Bandari yake ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa kabisa za makontena duniani. Gati zilijengwa upya katika miaka michache, kwa ustadi unaostahili sifa. Lakini meli zilikuwa zimeshahamia bandari nyingine, Busan ya Korea Kusini ikiwemo, na Kobe haikuipata tena nafasi yake ya zamani. Hiyo ni Japani, yenye fedha na wahandisi. Mnunuzi wetu wa Butembo akifika akakuta daraja limekatika na maduka yamefungwa, hatakaa Mpondwe kutusubiri. Msimu unaofuata atakuwa na namba ya simu ya muuzaji mwingine, na barabara ikitengenezwa haitakuwa na mzigo wa kupita juu yake.

Haya si mambo ya kubahatisha. Nyamwamba ilivunja kingo zake tarehe 1 Mei 2013. Ikavunja tena Mei 2020, nchi ikiwa katikati ya vizuizi vya korona, ikaisomba Hospitali ya Kilembe. Wagonjwa na huduma vikahamishwa. Ni sawa, maisha kwanza. Lakini kuizunguka hospitali ile kulikuwa na mji mzima mdogo: wauza chai na chapati za asubuhi, wauza sabuni na nguo za watoto wachanga, nyumba za kulala ndugu za wagonjwa, bodaboda, maduka ya dawa. Hospitali ilipoondoka, wateja wao wote waliondoka nayo kwa usiku mmoja. Wale wa chai hawakuguswa na maji, vibanda vyao vilibaki wima. Kwa hesabu ya maafa wao hawakupoteza kitu.

Wala si Kasese peke yake. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale, watu wakafa, na mabomba makuu ya maji yakavunjika, mji ukakosa maji safi. Bila maji hakuna mkahawa, hakuna saluni, hakuna machinjio, hata kama mlango wako haukuguswa. Mei 2023 mto Katonga ulikata barabara ya Kampala–Masaka, na magari yakalazimika kuzungukia Mpigi, Gomba na Sembabule. Sisi tunaoleta mzigo kwa njia ya Mbarara tulilipa mafuta ya mzunguko huo, na bei ikampata mnunuzi wa mwisho. Mwishoni mwa 2024 maji ya Nile yalifunika barabara ya Olwiyo–Pakwach, ndugu zetu wa West Nile wakakatwa na njia yao kuu. Aprili 2020 kisiwa cha majani kinachoelea kiliziba mitambo ya bwawa la Nalubaale pale Jinja, nchi nzima ikaingia gizani. Na sisi wa magharibi tunaishi juu ya Bonde la Ufa: tetemeko la Februari 1994 lililopiga maeneo ya Fort Portal, na lile kubwa zaidi la Machi 1966, wazee wetu bado wanayasimulia. Katika kila moja ya haya, idadi ya biashara zilizosimamisha kazi ni kubwa kuliko idadi ya biashara zilizoloa.

Sasa, Waheshimiwa, hatuwaombi muanze na ukurasa mtupu. Vitu vingi mnavyo. Ibara ya 249 ya Katiba ya 1995 inaagiza kuwepo kwa Tume ya Kujiandaa na Kukabili Maafa, ingawa kazi hiyo hadi sasa imebebwa na idara iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Sera ya Taifa ya maafa ipo tangu 2010, na chini yake kila wilaya inatakiwa kuwa na kamati ya maafa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 iliweka Mfuko wa Dharura, na sehemu ya mfuko huo ni ya maafa ya asili. Kinachokosekana ni kuiingiza biashara ndani ya vyombo hivyo.

Anzeni na mkopo, kwa sababu ndiko wengi wanakovunjikia.

Tarehe 1 Aprili 2020, kwa ajili ya korona, Benki Kuu iliruhusu mabenki na taasisi inazozisimamia kupanga upya mikopo na kuwapa wakopaji muda wa kupumua hadi miezi 12. Mfumo wa fedha haukuanguka. Biashara nyingi zilipona kwa ruhusa ile. Tunaomba ruhusa ya namna hiyo iandikwe kuwa kanuni ya kudumu kwa maafa ya eneo: kamati ya wilaya ikishatangaza kuwa kata fulani imeathirika, mkopaji mwenye biashara ndani ya kata hiyo apate kusimamishiwa marejesho kwa miezi mitatu, riba ya adhabu isitozwe, na chombo cha kazi kisichukuliwe. Miezi mitatu tu. Anayeshindwa baada ya hapo, sheria ifuate mkondo wake.

Lakini msiishie kwenye mabenki. Mwaka ule wa korona ruhusa ya Benki Kuu haikuwagusa wakopeshaji binafsi wenye leseni wala vikundi vidogo vya akiba, kwa maana hao husimamiwa na mamlaka nyingine chini ya sheria ya 2016 ya taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji. Na mchuuzi wa sokoni hukopa hukohuko. Kanuni ikiandikwa bila wao, itamlinda mwenye duka kubwa na kumwacha mama wa ndizi. Wizara ya Fedha inazisimamia pande zote mbili kisera, kwa hiyo inaweza kuzikalisha meza moja kabla ya mvua.

Kuhusu mtaji wa kuanzia upya, mnao mfano wa karibu wa kujifunza. Mwaka 2021 serikali na mabenki walitenga shilingi bilioni 200 kuwakwamua wafanyabiashara wadogo baada ya korona, nusu kwa nusu. Nia ilikuwa njema. Fedha nyingi zilikaa bila kukopwa, kwa sababu masharti yalihitaji vitabu vya hesabu, usajili na dhamana ambavyo mfanyabiashara mdogo hana hata siku ya jua, sembuse baada ya maji. Mfuko wa maafa ukifuata masharti hayohayo utakuwa na mwisho huohuo. Lazima uthibitisho wa biashara uwe umekusanywa kabla.

Hapa ndipo orodha inapoingia, na kwangu ndiyo msingi wa barua nzima. Manispaa inatoa leseni za biashara kila mwaka. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anamjua kila mwenye kibanda katika kijiji chake, hata asiye na leseni. Wawekeni pamoja. Iandikwe orodha ya kila biashara iliyo kwenye njia ya maji: inauza nini, ina wafanyakazi wangapi, mzigo wake wa kawaida ni wa kiasi gani, picha ya ndani ya duka ikiwa imejaa, namba ya simu ya mwenye duka na ya mtu wake mmoja wa karibu. Nakala moja ikae wilayani, moja Kampala, mbali na mto. Haihitaji kompyuta ghali. Ikisasishwa kila Februari na kila Agosti, siku ya maafa mtajua ndani ya siku moja ni nani amepoteza nini, na mdanganyifu atakayedai magunia ambayo hakuwahi kuwa nayo ataonekana.

Kwa waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani kazi ni nyepesi zaidi. Tangu Januari 2021 ankara zao zinapita kwenye mfumo wa EFRIS wa mamlaka ya mapato. Mnakumbuka Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka wakiulalamikia mfumo huo. Mimi nadhani malalamiko yale yangekuwa machache kama mtu angeona mfumo unamsaidia hata mara moja. Serikali inayojua nilinunua magunia mangapi mwezi uliopita ili initoze, inaweza kutumia ujuzi huohuo kunipa cheti cha hasara siku magunia yakiondoka. Cheti hicho nikipeleke benki, kwa mtu wa bima, na kwenye ofisi ya kodi ili nisamehewe sehemu ya kodi ya mwaka huo. Hilo lingefanya zaidi kwa uaminifu wa mlipakodi kuliko mabango yote barabarani.

Na kwa kuwa nimetaja bima: tangu mwaka wa fedha 2016/17 serikali inachangia ada ya bima ya kilimo. Mkulima mdogo hulipiwa nusu, na katika maeneo yenye hatari kubwa hulipiwa hadi asilimia 80. Ni moja ya mambo mazuri mliyofanya. Lakini mahindi yakishavunwa na kuingia kinuni, au kahawa ikishaingia ghalani mwa mnunuzi, mchango huo umekoma, na mto haujui tofauti ya shamba na ghala. Tunaomba mchango kama huo uwekwe kwa bima ya mzigo na vifaa vya kazi kwa biashara ndogo zilizo kwenye orodha niliyoitaja. Hata kwa kuanzia na Kasese, Mbale na Bulambuli peke yake. Kampuni za bima husita kuja kwetu kwa sababu hazijui hatari yetu ina ukubwa gani. Orodha na kumbukumbu za mafuriko zingewajibu. Bima nchini kwetu bado haifiki asilimia 1 ya pato la taifa. Haitakua kwa semina hotelini.

Jambo la msaada wa chakula ni gumu kulisema bila kueleweka vibaya, lakini nitalisema. Malori ya posho yanapotoka mbali na kugawa bure kwa wiki kadhaa, yale maduka machache yaliyopona nayo hukosa mteja. Wilayani humuhumu kuna vinu vyenye mahindi na maghala yenye maharage yaliyo juu ya mstari wa maji. Nunueni hapo kwanza. Na kaya ikishapata pa kulala, ipeni fedha kwa simu badala ya gunia, ili mama achague kununua chumvi, daftari la mtoto au mafuta ya taa, na fedha hiyo izunguke kati ya maduka kabla ya kuondoka mjini. Bei zikipanda kupita kiasi, wakaguzi wa manispaa wapo. Sisi katika kikundi tuko tayari kukubaliana bei za bidhaa za lazima mapema, kwa maandishi, na aliyevunja atajwe hadharani.

Fedha kwa simu inahitaji mtandao, na mtandao unahitaji umeme. Hili linanipeleka kwenye utaratibu wa kufungua mji. Leo kila shirika hurudisha huduma kwa ratiba yake: barabara chini ya Wizara ya Ujenzi sasa, baada ya mamlaka ya barabara, UNRA, kuvunjwa, umeme chini ya shirika la serikali la kusambaza umeme, UEDCL, tangu Aprili 2025, maji chini ya shirika lake, minara chini ya kampuni za simu. Nani anaamua kipi kitangulie? Kwenye mpango tunaouomba iandikwe wazi: mnara wa simu na laini ya umeme ya mtaa wa vinu kwanza, daraja la muda la kupitisha magari ya mzigo pili, maji ya bomba la soko tatu. Wengine wanaweza kupanga tofauti na mimi, sina ugomvi. Ila upangwe, na ajulikane mtu mmoja wilayani mwenye mamlaka ya kuuita mkutano wa wote na kusema huyu anatangulia. Vyuma vya daraja la muda navyo viwekwe karibu, Mbarara au Fort Portal.

Marekani kulikuwa na mkuu wa shirika la serikali la maafa, FEMA, aliyeitwa Craig Fugate. Baada ya kimbunga alikuwa na desturi ya kuuliza kama mikahawa ya Waffle House, ambayo hufunguliwa usiku na mchana, inafanya kazi katika mji ulioathirika. Mkahawa ukiwa wazi wenye vyakula vyote, mji una nafuu. Ukiwa wazi kwa vyakula vichache, hali ni ya wastani. Ukiwa umefungwa, twende huko haraka. Nasi tunaweza kuwa na kipimo chetu. Ulizeni vinu vingapi vinasaga, mawakala wangapi wa pesa za simu wana floti ya kumpa mtu elfu hamsini, na stendi inapakia magari ya wapi. Ripoti ya wiki kutoka wilayani ikibeba majibu ya maswali hayo matatu, mtajua hali ya Kasese vizuri kuliko kwa kuhesabu magunia yaliyogawiwa.

Najua kuna atakayesema: ondokeni mtoni. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinaweka mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa na mita 30 kwa mingine, na hakuna anayezijua kanuni hizo vizuri kuliko mtu aliyesombwa. Tunakubali. Lakini wapo walio ndani ya mita hizo wakiwa na viwanja walivyouziwa kwa karatasi zenye mihuri, na leseni walizolipia mwaka baada ya mwaka. Kuwahamisha kunahitaji mahali pa kuwapeleka penye wateja, si uwanja mtupu mbali na barabara. Chagueni sasa uwanja wa soko la muda, juu ya mstari wa maji, wenye choo na njia ya gari, upimwe na vibanda vigawiwe kwa namba kabla ya siku ya haja. Ukiwa mahali pazuri, mtashangaa wangapi wataomba kubaki hapo daima. Na mto wenyewe umejaa mawe yaliyoporomoka kutoka Rwenzori, kitanda chake kimepanda. Kazi ya kuyatoa mawe isiwe ya msimu wa kampeni.

Upande wetu hatukai mikono mitupu. Kikundi chetu kimekubaliana kila mwanachama apige picha kurasa za daftari la madeni kila Jumamosi na kuzituma kwa ndugu aliye nje ya bonde. Magunia hayakai tena chini, tumetengeneza vichaga vya mbao. Kila mwenye duka la jumla ametakiwa kuwa na msambazaji wa pili ambaye mzigo wake hupitia Mubende na Fort Portal, endapo njia ya Masaka itakatika. Sehemu ya akiba yetu imetengwa, haikopeshwi, ni ya siku ya matope. Wenzetu wa Mpondwe wameanza kuzungumza na wanunuzi wa Kasindi kuhusu kuhifadhiana mzigo pande zote mbili za mpaka, na hapo tutahitaji forodha watusaidie: mzigo ulioangaliwa na kulipiwa usitozwe tena kwa sababu tu umekimbizwa maji. Haya tunayaweza. Kanuni ya mkopo, cheti cha hasara, mchango wa bima, uwanja wa soko na mtu mmoja mwenye mamlaka, hayo hatuyawezi bila ninyi.

Tunaomba jibu kwa maandishi kabla ya mwisho wa Januari, ili kamati ya wilaya ipate Februari nzima ya kuandika orodha. Anayetaka kuja kuona vinu, vichaga na madaftari, milango yetu inafunguliwa saa moja asubuhi. Jumatano na Jumamosi tuna mzigo wa Mpondwe, kwa hiyo siku nyingine zinafaa zaidi kwa mazungumzo marefu.

Wenu katika kazi,

Katibu, kikundi cha akiba na mikopo cha wafanyabiashara
Kasese